Kupika nako ni kazi, jamani!

Nimerudi hosteli hapa Montpellier, masomo yanaanza wiki ijayo, na kabla sijazama kwenye vitabu kuna kitu kinanikereketa rohoni, acha nikitoe. Agosti nzima nilikuwa shamba moja huko milima ya Cévennes, najitolea. Kila ninayemsimulia ananiuliza, "Ehe, ulikuwa unakula nini?" Swali zuri. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani alikuwa anapika.

Kwa wasioujua mpango huu: unafanya kazi shambani masaa machache kwa siku, mwenye shamba anakupa pa kulala na chakula. Hela hakuna. Mtandao unaojulikana zaidi kwa mambo haya ni WWOOF, ulioanza Uingereza mwaka 1971 kwa juhudi za Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyetaka kutoka mjini wikiendi akashike udongo. Mimi shamba nilitafutiwa na rafiki, lakini makubaliano ni yaleyale. Tuliambiana masaa matano kwa siku. Kukama mbuzi, kusafisha banda, kung'oa vile vitunguu vitamu vya Cévennes vinavyolimwa kwenye matuta ya mawe. Mezani tulikuwa kumi: wenyeji wawili, watoto wao watatu, na sisi wa kujitolea watano, wasichana wawili na wavulana watatu.

Msosi wenyewe siusemi vibaya hata kidogo. Mfaransa na meza yake hana utani, mpaka UNESCO mwaka 2010 iliuingiza mlo wao kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mchana inaanza saladi, kinafuata chakula chenyewe, halafu jibini, halafu tunda. Jibini ni pélardon, vile viduara vidogo vya maziwa ya mbuzi, maziwa niliyoyakama kwa mikono hii. Na courgette! Vile viboga virefu vya kijani Agosti haviishi, unachuma leo, kesho vimejaa tena. Tulivitia kwenye supu, tukavioka na jibini, tukavipika na nyanya, biringanya na pilipili hoho ikawa ratatouille. Nilinenepa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ili watu kumi wakae mezani saa sita na nusu, kuna mtu ameingia jikoni saa nne. Saladi inaoshwa maji matatu, mchanga na konokono watoke. Vitunguu vimenywe, viazi vimenywe, sahani zipangwe. Jioni tena saa moja na nusu nyingine. Jumla masaa manne. Na huyo mtu alikuwa mimi na yule dada mwenzangu, kila siku. Hakuna aliyetuamuru. Tulisifiwa tu, "Ninyi mnapika vizuri sana!" Sifa zikageuka zamu, na zamu haikuwa na zamu.

Siku yetu ilikuwa hivi: kuanzia saa moja mpaka saa nne asubuhi mbuzi na vitunguu, hayo masaa matatu. Kisha jikoni. Baada ya kula tunaambiwa, "Mmebakiza masaa mawili." Tunarudi matutani. Kisha jikoni tena. Wavulana matano, sisi tisa! Tulipouliza, jibu: "Jikoni siyo kazi, ni maisha ya pamoja." Pamoja na nani?

Jamani, chakula ndiyo mshahara wetu pale. Mimi ninayeupika mshahara wa wenzangu nahesabiwa sijafanya kazi? Toa mpishi uone kama malipo hayatabaki gunia la courgette mbichi.

Mtaniambia, "Lakini Wazungu wana usawa." Usawa upi? Mke wa mkulima Ufaransa amefanya kazi miaka nenda rudi bila kutambuliwa. Ni sheria ya kilimo ya mwaka 1999 iliyoleta hadhi ya mwenzi mshiriki, ili naye awe na haki zake za pensheni. Ushirika wa wakulima unaoitwa GAEC ulianza kwa sheria ya mwaka 1962, lakini mke na mume peke yao hawakuruhusiwa kuuanzisha mpaka mwaka 2010. Kwa hiyo mama mwenye shamba wala simchukii. Ndiye wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala, na ya kwake hakuwahi kuyahesabu. Yeye alizoea. Mimi nisizoeshwe.

Wengine watasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa, jembe nimelipokea. Methali haikusema umpe na sufuria juu yake.

Wiki ya tatu tuligoma kistaarabu. Tukabandika karatasi kwenye friji: majina matano, zamu, masaa. Baba mwenye shamba alinuna siku mbili. Kijana mmoja akaunguza dengu, tukazila hivyohivyo, hakufa mtu. Mwishowe mchana ukahesabiwa, jioni ikakataliwa. Nusu ya haki siyo haki, ila tumeacha karatasi pale ukutani kwa watakaokuja.

Kwa hiyo dada zangu mnaotaka kwenda mwakani, nendeni, mtajifunza mengi na mtakula vizuri. Ila kabla hujakata tiketi ya treni andika barua uulize: nani anapika, na yanahesabiwa? Wakijibu kwa kucheka, tafuta shamba lingine.

Na ninyi kaka zangu wa korido hii, ile sufuria iliyoloweshwa kwenye sinki tangu Jumapili naiona. Siioshi.