Kapteni ana jalada, mabaharia wake hawana

Ukisimama daraja la Garissa ukautazama mchanga wa Mto Tana, hutaamini kwamba meli ya moshi iliwahi kuupanda mto huu. Iliupanda. Mwaka 1891 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilituma meli yake, Kenia, na mwaka uliofuata meli hiyo hiyo ikapanda Mto Juba hadi Bardera. Aliyeiongoza ni ofisa wa jeshi la majini, F. G. Dundas.

Ukilitaja jina hilo, wengi watadhani ni Charles Dundas, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini Charles alizaliwa 1884. Mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka saba. Ukoo wa Dundas nao umetoa maadmirali kadhaa, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Jibu liko kwenye majalada ya utumishi yaliyowekwa Kew, London. Huko kila ofisa ana ukurasa wake: siku aliyozaliwa, vyeo, meli alizotumikia, hata wakubwa wake walimwonaje.

Haya, na usukani alishika nani? Nani alipima kina kwa upondo, nani alijua fungu la mchanga limehamia wapi baada ya mafuriko? Watu hao waliajiriwa na kampuni, si na jeshi la Malkia, kwa hiyo Kew hawamo.

Hili si jambo la kale lililokwisha. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Bunge la Uingereza likasikia radhi ikiombwa. Sasa majina ya wapagazi yanatafutwa humu Kenya.

Vizuri, ila naona kutafuta katika mafaili ya jeshi peke yake ni kurudia kosa lile lile, kwani asiyeandikwa hapatikani humo. Waanze na vitabu vya ubatizo vya misheni za Golbanti na Ngao, kisha wakae na wazee wa Kipokomo kuanzia Kipini hadi Garissa. Wazee hao hawatungoji.