Hesabu ya Mihula

Wapo watu wa elimu, tena si haba, wasemao kwamba ukomo wa mihula ya rais ni dharau kwa raia. Huuliza: ikiwa watu wenyewe wamtaka mtu yule yule mara ya tatu, karatasi iliyoandikwa jana ina haki gani ya kuwazuia leo? Swali hili lina sura nzuri, ndiyo sababu lapendwa sana ikulu. Mimi nalikataa, na ushahidi wangu nautoa Burundi.

Mwaka 2000 vyama vya Burundi vilitia saini mjini Arusha mapatano ya kutafuta mwisho wa vita vilivyoanza mwaka 1993. Mwalimu Julius Nyerere aliyasimamia mazungumzo hayo hata alipofariki mwaka 1999, na Nelson Mandela akayashika baada yake. Mapatano yalisema rais atachaguliwa kwa miaka mitano, muhula wake waweza kurudiwa mara moja, na hapana mtu atakayetumika zaidi ya mihula miwili. Sijui sheria yaweza kunenwa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Walakini katiba ya mwaka 2005 iliacha upenyo: rais huchaguliwa na raia wote, ila yule wa kwanza tu achaguliwe na bunge. Pierre Nkurunziza aliingia kwa mlango huo mwaka 2005, akachaguliwa na raia mwaka 2010. (Kundi lake halikutia saini Arusha, lakini katiba iliyompa kiti ilizaliwa na mapatano hayo.) Ilipofika mwaka 2015 wafuasi wake wakanena kwamba muhula wa kwanza hauhesabiwi, kwa kuwa waliompigia kura ni wabunge. Miaka mitano aliyotia saini sheria na kuamuru majeshi ikawa kana kwamba haikupita.

Je, hapo raia waliulizwa? Waliotoka barabarani mjini Bujumbura walikutana na risasi. Mahakama ya Katiba iliyakubali madai, hali makamu wa rais wa mahakama hiyo amekwisha kukimbilia Rwanda akieleza kwamba majaji walitishwa. Mamia ya maelfu ya watu waliihama nchi, wengi wakaingia mkoa wa Kigoma; kambi ya Nyarugusu ikafurika, hata Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena. Kura ilipigwa mwezi wa Julai katika hali hiyo, kisha twaambiwa ilikuwa sauti ya umma!

Wazee wetu walilitumia neno muhula kwa nafasi apewayo mdaiwa kabla ya siku ya kulipa. Mdaiwa hajiongezei muhula mwenyewe. Huomba kwa mwenye mali. Lakini rais aliyekaa miaka kumi amekwisha kuwateua majaji, makamanda na wasimamizi wa kura, na aombapo nyongeza, wa kumjibu ni watu wake. Kwa hiyo ukomo hauna budi kuwekwa mapema, kabla mwenye kiti hajajulikana ni nani.

Nitajibiwa kwamba Uingereza haina ukomo na ina salama. Ni kweli. Margaret Thatcher alishinda uchaguzi mara tatu, na mwaka 1990 chama chake mwenyewe kikamwondoa bila risasi moja kulia. Nani angeweza kufanya hivyo Bujumbura? Tanzania iliuweka ukomo katika katiba mwaka 1984, na Mwinyi, Mkapa na Kikwete wakatoka kila mmoja baada ya miaka kumi, mwaka 1995, 2005 na 2015. Hilo halikuponya kila ugonjwa wa siasa yetu, lakini hakuna aliyevuka mpaka kwa sababu mmoja wao alikataa kutoka.

Mwezi wa Novemba 2021 Mahakama ya Afrika Mashariki, huko huko Arusha, iliamua katika rufani kwamba hukumu ile ya Mahakama ya Katiba iliuvunja Mkataba wa Jumuiya. Nkurunziza alikuwa amekwisha kufa tangu Juni 2020, na katiba ya mwaka 2018 ilikuwa imekwisha kuurefusha muhula kuwa miaka saba.