Sauti za watu zisipotelee ndani ya flashi

Leo tuongee jambo lisilosikika hewani: redio zetu za Lubumbashi zinaweka wapi yale mnayotuambia?

Mara nyingi ni ndani ya flashi. Flashi iko mfukoni mwa mwandishi, au sauti iko kwenye simu ya mtangazaji, au kwenye kompyuta ambayo neno lake la siri analijua fundi mmoja tu, na leo fundi ana matanga huko Likasi. Mama aliyekimbia Mitwaba anafika studio, anataja majina ya watoto aliopotezana nao njiani, jina la kijiji, jina la baba yao. Tangazo linapita mara mbili, mara tatu. Miezi sita baadaye mtu anapiga simu kutoka Pweto: huyo mtoto mliyemtangaza, nadhani namjua. Basi tunaanza kutafutana. Nani alirekodi? Flashi iko kwa nani? Kumbe imekwisha kufutwa ili iwekwe muziki.

Maoni yangu ni haya: kila redio ya jamii mjini humu iwe na kompyuta moja ya Linux yenye kazi moja tu, kutunza faili za wote, na ipatikane kabla ya maikrofoni mpya.

Wakubwa wetu wananijibu kwamba seva ni mambo ya makampuni ya mgodi. Si kweli. Kompyuta ya zamani iliyoshindwa kubeba Windows mpya inatosha. Unaweka Debian, ambayo hailipiwi leseni, halafu unaongeza programu inayoitwa Samba. (Haihusiani na ngoma ya Brazili, jina limetokana na herufi SMB, lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana faili.) Andrew Tridgell wa Australia aliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo ni ya bure. Saa moja ya sauti ya MP3 ya kawaida ni karibu mega 58, kwa hiyo disiki ya giga 500 inabeba zaidi ya saa 8,000. Hesabu mwenyewe ni vipindi vingapi hivyo.

Wengine wanasema: tuweke yote kwenye intaneti. Kwa mega za nani? Tena tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilifunga intaneti nchi nzima, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Seva ya ndani haihitaji intaneti. Ruta na kebo za nyumbani zinatosha; mtangazaji anafungua folda akiwa kwenye meza yake kana kwamba ni disiki ya kompyuta yake.

Kazi ya fundi ni ya siku moja. Anaandika ndani ya faili moja, smb.conf, folda ipi inashirikiwa na nani anaruhusiwa. Anampa kila mfanyakazi jina na neno la siri kwa amri ya smbpasswd. Kabla ya kuiwasha anapima maandishi yake kwa testparm. Jambo linalowasumbua wengi ni hili: ruhusa ziko mahali pawili, ndani ya Samba na kwenye folda yenyewe ya Linux, na zote mbili lazima zikubaliane. Ukifungua upande mmoja tu, mlango unabaki umefungwa, na watu wanasema Linux ni mbaya.

Hapa kwenye ruhusa ndipo ninapokuwa mkali. Folda ya muziki, wote waifungue. Lakini majina ya familia zilizohamishwa, mahali zinapolala, namba zao za simu, hayo si ya kila anayepita studio. Kuna watu waliokuja kwetu kutoka Goma na Bukavu baada ya miji hiyo kutekwa mwanzoni mwa 2025, na wamewaacha ndugu kule. Orodha kama hiyo ikifika kwa mtu asiyefaa, anayelipa si redio. Folda hiyo wawe nayo watu wawili, watatu, na fundi azuie kabisa kuingia bila neno la siri. Pia azime toleo la kwanza la SMB. Ni kupitia tundu lake kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani mwezi Mei 2017.

Umeme wetu mnaujua. Betri ya akiba ni lazima, pamoja na disiki ya pili inayopokea nakala kila usiku kwa rsync, na disiki hiyo isikae chumba kimoja na ya kwanza. Kompyuta moja bila nakala ni flashi kubwa tu.

Nanyi familia mnaotoka Katuba, Ruashi au Kampemba kuja kuzungumza nasi, mna haki ya kuuliza kabla hamjafungua kinywa: sauti yangu itawekwa wapi, nani ataifungua, na nikirudi mwakani nitaikuta? Mkitaka nakala, njooni na simu. Kunakili ni dakika chache, na hakuli hata mega moja.