Damu ya Mbwa wa Kabwe

Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, Zambia, ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake halikufunga virago. Watafiti walipima damu ya mbwa 120 wa mji huo na kuchapisha matokeo mwaka 2020: kadiri mbwa anavyoishi karibu na mgodi, na kadiri alivyo mdogo kwa umri, ndivyo risasi inavyozidi mwilini. Mbwa hana ajira kiwandani wala hapandi basi kwenda mjini. Analala uani, ananusa mchanga, anaramba manyoya yake. Sumu aliyonayo ni ya pale pale nyumbani. Na nani mwingine hutambaa kwenye ua huo huo, kisha akatia vidole mdomoni? Sisi (sijui ni uzembe au ubahili) husubiri mtoto augue. Kule Owino Uhuru, Mombasa, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, mama aitwaye Phyllis Omido aliijua sumu hiyo ya risasi kwa damu ya mwanawe mwenyewe. Daktari wa mifugo anayepita mitaani kuchanja kichaa cha mbwa tayari ana sindano mkononi. Achukue na damu kidogo ya mbwa huyo, ipelekwe maabara ipimwe risasi kabla mtoto hajaugua.