Kibarua Bila Barua

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Hata hivyo, katika majengo yanayochipuka kila uchao mjini Kitengela na katika mashamba ya maua ya Kajiado, ipo dhana iliyokita mizizi kwamba asiye na karatasi hana haki. Mwashi aliyetumika miezi minane huambiwa jioni moja kuwa asirudi kesho, naye hufunga virago kimya kimya. Dhana hiyo haina mashiko, kilugha wala kisheria.

Kilugha, neno lenyewe linaikana. ‘Kibarua’ ni udogo wa ‘barua’. Mfanyakazi wa kutwa aliitwa hivyo kutokana na kijikaratasi alichopewa ili kimwezeshe kudai ujira wake. Leo jina limebaki, karatasi imetoweka.

Kisheria, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inautambua mkataba wa mdomo pamoja na ule wa maandishi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iandikiwe mkataba, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Aidha, kifungu cha 37 kinaeleza kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Anastahili ilani ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Isitoshe, mwajiri asipoutoa mkataba mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Ukosefu wa karatasi, basi, ni kosa la aliyepaswa kuiandika, si la aliyenyimwa.

Wapo watakaosema kwamba haki hizo hazimfai asiyeweza kuonyesha kuwa aliajiriwa. Hoja hiyo ina uzito, kwani ni lazima mdai athibitishe kwanza kwamba kazi ilikuwepo. Hata hivyo, ujumbe wa malipo ya M-Pesa, kadi ya langoni na kauli za wafanyakazi wenzake ni ushahidi. La muhimu ni kuuhifadhi na kutokawia, maana madai hufikishwa mahakamani kabla ya miaka mitatu kupita.

Hapa ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapohusika. Kifungu cha 9 kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, anafafanuliwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini sheria hiyo ya ajira iliandikwa kwa Kiingereza, na mwashi wa Kitengela huisikia kwa tetesi tu. Idara zinazofundisha tafsiri zina kazi iliyo wazi: kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sahili, unaotaja kazi, ujira, saa, likizo na ilani, kisha kuufikisha kwenye majengo na mashamba. Usomi wa namna hiyo utamrudishia kibarua barua yake.