Subira Isiyovuta Heri

Vijana wenzetu, tumefundishwa kwamba subira huvuta heri. Lakini mama afikaye hospitalini alfajiri, mtoto mwenye homa mgongoni, akanunua fishi, akaketi kwenye benchi, na saa sita mchana bado hajaitwa, huyo hasubiri: anapuuzwa. Malaria isiyotibiwa yaweza kumwua mtoto ndani ya saa 24. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya 2006 kinadhamini haki ya afya. Haki hiyo haianzii kwenye dirisha la malipo. Twadai joto la mgonjwa lipimwe mlangoni kabla ya kuulizwa fedha, na aliye mahututi atangulie. Nasi tunaopitishwa mlango wa nyuma kwa kuwa twamjua muuguzi, tujiulize: zamu hiyo tumemwibia nani?