Malimwengu Mengi, Jibu Hakuna

Jumapili baada ya chapo, hapa Matasia, shosh alikuwa anamshukuru Mungu kwa kuipima dunia ikatutosha. Binamu yangu akamkata: "Shosh, hiyo ni maltivasi tu. Malimwengu ni mengi, moja lazima lingetokea hivi." Shosh akanyamaza. Mimi nikakasirika, na si mambo ya dini. Hoja yenyewe ni mbovu.

Swali lenyewe ni zito. Kuna nguvu inayosukuma ulimwengu utanuke. Hesabu za fizikia zinatarajia iwe kubwa kuliko ilivyo, mara 1 yenye sufuri kama 120 nyuma yake. Ingekuwa kubwa hivyo, hakuna nyota, hakuna Ngong, hakuna wewe.

Sasa twende base ya bodaboda. Unafika, unapata jamaa wa ludo ametoa sita tatu mfululizo. Unasema, "Hawa lazima wamecheza tangu asubuhi." Kwa nini? Michezo ya asubuhi haikugusa hii dadu. Mwanafalsafa Ian Hacking alilianika kosa hili mwaka 1987. Ni pacha wa lile la kubet: "Nimepoteza mara kumi, hii sasa lazima iingie." Tunajua wasee wangapi wamekula fees na hiyo akili?

Utaniambia, "Lakini tungejipata tu penye uhai." Sawa. Hiyo inaeleza kwa nini hatuoni ulimwengu uliokufa. Haielezi kwa nini huu wetu uko hai. Mimi sikuwa kwa foleni mahali nikingoja ulimwengu wenye nafasi, kama abiria wa matatu.

Tusidanganyane, wazo hili lina heshima yake. Mwaka huohuo wa 1987, Steven Weinberg alilitumia kukadiria kwamba nguvu hiyo ina mpaka, na pengine si sufuri. Mwaka 1998 wanaastronomia wakagundua kweli ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Heko. Lakini mashine ya kutengeneza malimwengu nayo inahitaji sheria zake, na hizo nani alizipima?

Na mhubiri, usishangilie bado. "Hatujui, kwa hivyo ni Mungu" ni kuruka mtaro uleule.

"Bado hatujui" ni jibu la mtu mzima. Binamu, shosh anakudai samahani. Mimi nakudai hoja mpya.